Maji Hurudi, Rutuba Je?

Watoto wa Ilemela huuliza neno ambalo sisi wazee hulipita tu: mito yaingia ziwani kila siku, na mvua yanyesha juu yake, mbona ziwa halijai likaifunika nchi?

Yafaa kujua kwanza kwamba mlishaji mkuu wa Ziwa Victoria si mito. Katika kila sehemu 10 za maji yaingiayo, kama 8 ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Na sehemu kubwa ya yatokayo hupandishwa na jua, ikawa mvuke. Yaliyosalia hutokea Jinja, katika Uganda, yakaenda na mto Nile hata Misri. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, basi pepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani. Zikutanapo huko huuinua mvuke, ukawa mawingu na mvua ya ngurumo kabla hakujapambazuka. Wavuvi wa Igombe na Kayenze hawahitaji kuambiwa habari hii. Mizani yenyewe huyumba: kati ya 1961 na 1964 mvua ilizidi, ziwa likapanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 lilipanda tena, likawatoa wakaaji wengi wa ukingoni katika nyumba zao.

Hata hivyo maji hurudi yenyewe. Rutuba ya shamba sivyo. Tuchomapo majani kilimani, naitrojeni nyingi huenda na moshi, na fosforasi hubaki katika jivu. Mvua ya kwanza iangukayo juu ya miamba yetu haina pa kuingia. Hushuka kwa nguvu, ikalichukua jivu pamoja na udongo wa juu. Ziwani rutuba hiyo hulisha mimea midogo mno ya kijani. Ikizidi na kuoza, samaki hukosa hewa. Gugu maji pia, lililoonekana ziwani humu karibu na mwaka 1990, hunenepa kwa chakula hicho hicho.

Ziko njia chache za kurudi. Vijidudu vya matopeni hula yaliyozama, kisha huota mabawa na kuruka kama moshi wakati wa mwezi mwandamo. Upepo huwaleta pwani, wakaliwa na mbayuwayu na buibui. Naye dagaa, akiisha kuanikwa na kuuzwa Mwaloni pale Kirumba, husafiri mbali bara. Kwa kuwa twamla pamoja na mifupa yake, fosforasi ya mashamba ya zamani yatufikia mezani! Lakini nani atangoja dagaa aujenge tena mlima?

Kizuizi kilicho bora ni mafunjo na matete. Hupunguza mwendo wa maji, udongo ukatua, mizizi ikanywa rutuba. Wakatao mafunjo ili wapande mboga hatuwashangai, maana udongo ule ni mnono, umekusanya mali ya mlimani miaka mingi. Ila mlango ukiisha kufunguliwa, mali hiyo hushuka moja kwa moja ziwani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo. Nasi twaona inafaa. Huko juu, samadi na jivu la jikoni virudishwe shambani, na mawe yapangwe kukingama mteremko.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili kwa chupa mbili. Jazeni moja kwa maji ya kijito kabla hakijaingia matetemi, ya pili pale kitokeapo. Ziacheni zitulie usiku kucha, na asubuhi watoto wapime tope lililotua chini ya kila moja.