Mapigo ya Msingi na Madai ya Damu ya Ngoma

Ipo imani iliyoenea kwamba mpiga ngoma huzaliwa, hafunzwi. Shule inapotaka kuunda kikundi cha ngoma, wanafunzi hujaribiwa kwa dakika chache, na yule ambaye mikono yake haikumtii mara moja huambiwa kuwa hana damu ya ngoma, akarudishwa miongoni mwa wapiga makofi. Yafaa imani hiyo ipimwe kama lipimwavyo dai lolote la kisayansi, kwani wanaofukuzwa kwa ajili yake hawana pa kukata rufaa.

Mpanda ni mahali pazuri pa kuipimia. Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, unao Wabende, Wapimbwe na Wakonongo. Unao pia Wasukuma waliohamia na mifugo yao, watu ambao ushindani wa ngoma baina ya Bagalu na Bagika ni mila yao ya siku nyingi. Tena yamo makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Huko Burundi ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu, hugawana kazi. Ngoma ya kati, inkiranya, huongoza, ibishikizo huifuata, na amashakwe hushikilia pigo lisilokatika. Mgeni humkodolea macho arukaye na kucheza katikati. Lakini amashakwe wakiyumba, maruko yote yale hukosa mahali pa kutua.

Ni nini basi kinachofunzwa? Ni vitu vichache mno: pigo moja moja kwa mikono ya zamu, mapigo mawili mawili kwa kila mkono, na pigo dogo linalotangulia kubwa kwa kitambo chembamba sana. Mwaka 1933 wapiga ngoma wa Marekani walianza na orodha ya mazoezi 13 ya lazima, na mwaka 1984 orodha ikafika 40, lakini mengi kati ya hayo yamefumwa kwa nyuzi hizo tatu.

Chukua zoezi moja: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Likipigwa juu ya ngoma moja halina ladha. Sasa mkono wa kulia uhamishiwe kwenye ngoma kubwa, wa kushoto ubaki kwenye ndogo. Papo hapo husikika kubwa, ndogo, kubwa, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, ndogo, na huo tayari ni mdundo wa kuchezeka. Mkazo ukiwekwa juu ya pigo la kwanza la kila manne, utahama kutoka mkono hadi mkono, na mkono dhaifu utalazimika kubeba mzigo wake. Zoezi likianzia pigo la tatu, mdundo mwingine huzaliwa. Madoido ambayo watazamaji hudhani yameshuka kutoka mbinguni aghalabu ni zoezi hilohilo lililogeuzwa.

Hapana budi kuanza polepole, kwa kuwa mkono huzoea makosa kama uzoeavyo usahihi. Kipimo cha mwendo hakihitaji fedha. Jiwe linalobembea taratibu kwenye uzi wa sentimita 99, kuanzia uliponing'inizwa hadi katikati ya jiwe, hupita chini mara 60 kwa dakika. Kwa sentimita 56, mara 80. Kwa sentimita 25, mara 120. Mwalimu wa fizikia anayetaabika kueleza kwa nini urefu ukifanywa robo muda huwa nusu atawasikizisha wanafunzi kanuni hiyo kwa masikio yao.

Tena mwanafunzi asilaumiwe kwa kosa la ngozi. Wakati wa mvua ngozi hunyonya unyevu na kulegea, fimbo ikakosa kurudi. Na mapigo mawili mawili hutegemea kurudi huko. Ngoma isogezwe kwanza karibu na moto.

Haya si kudai kwamba wote watalingana. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba, katika muziki, mazoezi ya makusudi yanaeleza takriban asilimia 21 ya tofauti za ustadi kati ya watu. Wenye imani ya damu wasishangilie upesi. Tarakimu hiyo haisemi kwamba yote yaliyosalia ni damu. Ubora wa mafunzo na kasoro za vipimo vyenyewe vyaweza kuwamo humo. Wala haitoi ruhusa ya kumhukumu mtu kabla hajafunzwa lolote.

Shule ingefanya vema kuahirisha uchaguzi hadi mwisho wa muhula, baada ya wote kupata robo saa ya zoezi kila siku, jiwe likibembea mbele yao. Siku ya kuchagua, jiwe liondolewe, kila mmoja apige pigo moja kwa dakika nzima, nao wenzake wayahesabu mapigo yake kwa saa.