Pampu ya Tope si Pampu ya Maji

Katika migodi ya dhahabu kama ule wa Geita, mwamba husagwa na kuchanganywa na maji hata ukawa tope, nalo husukumwa kwa pampu kutoka hatua moja ya mtambo hadi nyingine. Pampu ikisimama, kazi husimama. Ndiyo sababu tunaona kwamba uchaguzi wa impela, yaani gurudumu lenye mabawa lizungukalo ndani ya pampu na kulisukuma tope, si jambo la mafundi peke yao. Linamhusu pia afisa ugavi aidhinishaye ununuzi.

Yafaa ieleweke kwamba impela ya tope huhitaji mabawa machache na manene, yenye njia pana kati yake, ili mawe yapite bila kukwama. Malighafi yake nayo haichaguliwi kwa kubahatisha. Mpira hustahimili mchanga laini wa mviringo, kwa kuwa hubonyea na kuzirudisha chembe. Lakini mawe makubwa yenye ncha huukata, na mafuta huuharibu. Kwa mawe ya namna hiyo hutumika chuma kigumu chenye kromi, mara nyingi asilimia 27 hivi.

Aidha, mwendo wa kasi ni adui. Kasi ikiongezwa maradufu, ulikaji waweza kuongezeka mara 5 hadi 8. Basi anayeongeza kasi ili kuficha udhaifu wa impela iliyochakaa anaharakisha mwisho wake.

Zabuni inayotaja kipenyo na bei tu, bila kueleza ukubwa na ukali wa chembe, uzito wa tope, tindikali iliyomo na kimo cha kulipandisha, humwachia muuzaji achague. Hapo ndipo hasara huanzia. Rahisi ni ghali: kipimo cha haki si bei ya siku ya kununua, bali gharama ya kila tani iliyosukumwa, pamoja na saa ambazo mtambo ulisimama.

Tunawahimiza maafisa ugavi wakae na mafundi kabla ya kuandika zabuni, na kila impela iwekewe kumbukumbu: siku ilipofungwa, siku ilipotolewa, na mahali ilipolika. Nao walimu wa vyuo vya ufundi waombe impela zilizochakaa ziletwe darasani. Mwanafunzi atakayejifunza kwa nini bawa lililika upande huu na si ule, kesho ataliepusha taifa na ununuzi usio wa lazima.