Si kila mtoto mahututi ni wa kutundikiwa maji

MAJUZI mama mmoja alimleta mwanawe kliniki akiwa na homa. Nilipomaliza kumpima na kumwandikia dawa, mama aliniuliza, "Daktari, mbona humtundikii maji?" Nilimweleza kuwa mtoto ananyonya vizuri na hayahitaji, akanitazama kama mtu aliyepunjwa sokoni. Kisha akaniambia kuwa katika hospitali nyingine aliwahi kuombwa mwanawe aingizwe katika utafiti, akakataa. "Mwanangu si panya wa maabara."

Maneno hayo mawili yanahusiana kuliko alivyodhani.

Nilipokuwa daktari mwanagenzi, kabla ya mwaka 2011, tulifunzwa kwamba mtoto akifika na homa kali, mikono na miguu ikiwa baridi, anahema au amepoteza fahamu, apewe maji mengi ya mshipa upesi, katika saa ya kwanza. Ndivyo walivyofanya Ulaya na Marekani. Nami nilifanya hivyo usiku baada ya usiku, nikiamini naokoa maisha.

Mwaka 2009 ukaanza utafiti uitwao FEAST katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa maji mengi ya haraka, wengine maji ya kiasi tu, polepole. Wote walipata matibabu mengine ya kawaida. Ilikusudiwa kuwafikia watoto 3,600, lakini Januari 2011 uandikishaji ulisimamishwa baada ya watoto 3,141. Kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, 10 au 11 walifariki katika saa 48. Kati ya wale wa maji ya kiasi, walifariki 7.

Niliposoma takwimu hizo niliweka gazeti la madaktari chini nikawakumbuka watoto wa zamu zangu. Sitajua kamwe ni nani kati yao ambaye mkono wangu ulimdhuru.

Ni kweli kwamba utafiti wa dharura una ugumu wake. Mzazi ambaye mwanawe anakata roho hawezi kusoma fomu ya kurasa kadhaa. Katika FEAST wazazi wa watoto waliokuwa katika hali hiyo walikubali kwanza kwa mdomo, wakaelezwa kikamilifu baadaye. Wapo waliolalamikia jambo hilo, na sidhani walikosea kuuliza. Lakini sisi wodini tulikuwa tukiwafanyia watoto jaribio lilo hilo bila kuhesabu waliokufa, na hakuna mzazi aliyeombwa ruhusa.

Kwa hiyo, mama, ukiombwa mwanao aingie katika utafiti, uliza. Ni kamati gani ya maadili iliyouidhinisha? Nani ana uwezo wa kuusimamisha? Naweza kujitoa bila mtoto kunyimwa matibabu? Ukijibiwa kwa mkato, kataa.

Wala msisome haya mkamnyima maji mtoto anayeharisha hadi macho yamezama. Huyo, pamoja na aliyeungua moto, hakuwa katika utafiti huu, na kumcheleweshea maji ni kumuua.

Mama yule nilimwambia anirudie baada ya siku mbili, au usiku uo huo mtoto akikataa kunyonya.