Mtoto wa Mkononi Naye ni Abiria: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Nakala: Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, Shirika la Bandari Zanzibar, Pemba.



Sisi wazazi wa Pemba hatuvuki bahari na watoto kwa matembezi, au ni mara chache sana. Tunavuka kwa sababu kipimo kiko Hospitali ya Mnazi Mmoja, daktari wa moyo yuko Dar es Salaam, harusi iko Unguja, maziko yako Mombasa na babu mzaa mama yuko Tanga. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 543,441 kisiwani, na kwa walio wengi kati yetu mlango wa kutokea ni gati. Ndege zipo Chake Chake, lakini nauli yake tunaiachia mwenye nayo.

Ninachokuja kukuomba ni karatasi moja. Karatasi ya Kiswahili, yenye muhuri wa Wizara, itakayosema mzazi mwenye mtoto mdogo awe na nini kabla ya kupanda meli, na meli iwe na nini kabla ya kumpokea mtoto huyo. Ukiuliza hivi sasa unajibiwa kwa mdomo, na jibu linategemea nani yuko zamu. Kuna bandari niliyopita ambako mama mmoja aliambiwa aonyeshe kadi ya kliniki, na aliyekuwa nyuma yake, mwenye mtoto wa umri uleule, hakuulizwa kitu. Wote wawili walipanda. Sikujua nani kati yao alitendewa kwa mujibu wa sheria, na sidhani kama yule aliyekagua alijua.

Niruhusu nianze na dawa ya kutapika, maana hapo ndipo roho za watoto zinapochezewa bila mtu kukusudia.

Msimu wa kusi, mkondo wa Nungwi unapochafuka, watu wazima wenye vifua vyao wanaishika mifuko ya plastiki kabla mnara wa taa haujaonekana. Kila mtu anaogopa kigegezi. Basi kabla ya kupanda vidonge vinazunguka mkono kwa mkono: kizima kwa mtu mzima, nusu kwa mtoto wa skuli, na robo iliyosagwa kwenye kijiko cha maziwa kwa mtoto wa mkononi. Mara nyingi kidonge chenyewe ni promethazini. Mtoto analala, halii, hatapiki, mama anamshukuru Mungu na aliyempa anasifiwa.

Mheshimiwa, dawa hiyo haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali kuliko yote kwa umri huo, kwa sababu inaweza kudhoofisha pumzi ya mtoto mpaka akafa. Usingizi ule mzito tunaoufurahia huenda ndio dalili yenyewe ya hatari. Na linalouma zaidi ni kwamba mtoto wa umri huo kwa kawaida halewi bahari. Kulewa chombo huanza kuonekana baada ya miaka 2 na huwasumbua zaidi watoto wa umri wa skuli ya msingi. Kwa hiyo robo ile ya kidonge anapewa mtu ambaye wala hakuihitaji, kwa kuwa mama yake ndiye anayeogopa kutapika.

Liko na jengine linalofuatana na hilo. Ikiwa mtoto mchanga halewi bahari, basi mchanga anayetapika mara kwa mara melini asisingiziwe bahari. Pengine ana homa, pengine ana tumbo, pengine amefunikwa nguo nne kwenye joto la sitaha ya chini. Baharia aliyefundishwa jambo hilo moja tu atamsogelea mama na kumuuliza tangu lini, badala ya kumpa mfuko na kupita. Kwa huyu mkubwa anayelewa kweli, tiba nyingi hazihitaji duka la dawa: akae katikati ya chombo, chini, apate upepo, atazame mbali na siyo kwenye simu, ale muhogo wa kuchemsha au ndizi kabla ya safari na aache chapati za mafuta. Tangawizi na ndimu za bibi zetu sina ugomvi nazo. Kidonge, kama lazima kiwepo, kitoke kwa mfamasia kwa kupima umri na uzito. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar unaweza kuwapelekea wauzaji wote wa dawa walio karibu na bandari agizo la sentensi mbili, na hilo halihitaji bajeti.

Sasa nije kwenye umri. Meli kubwa za starehe, zile zinazotia nanga bandari ya Malindi, Unguja, zikiwa na maelfu ya wageni, zina masharti yaliyoandikwa. Kampuni ya Royal Caribbean, kwa mfano, haimchukui mtoto aliye chini ya miezi 6, na kwa safari za kuvuka bahari kuu inataka afikishe miezi 12. Sababu yao inaeleweka: mtoto mchanga akizidiwa katikati ya maji, zahanati ya melini haina vifaa vya kumhudumia. Wapo watakaokushauri uige kanuni hiyo. Nakuomba usiige. Abiria wao anatoka hospitali kwenda kupumzika. Wetu anakwenda kuitafuta hospitali. Hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, na imetupunguzia safari nyingi, lakini kichanga mwenye tundu la moyo au kichwa kinachojaa maji bado anapewa rufaa ya kuvuka. Ukiweka kizuizi cha miezi 6 utakuwa umewafungia njia wale wanaoihitaji kuliko wote.

Badala ya kizuizi, tia mstari mmoja kwenye fomu ya rufaa. Daktari aandike: mtoto huyu anaweza kusafiri kwa meli au hawezi, awe na muuguzi au mzazi anatosha, anahitaji oksijeni au hahitaji. Mzazi akifika getini na mstari huo, asipangwe foleni ya mizigo, na nahodha ajue kabla ya kung'oa nanga kwamba ana mgonjwa wa wiki tatu kwenye kiti fulani. Leo siri hiyo anakaa nayo mama peke yake, chini ya kanga.

Kuhusu mtoto mzima wa afya, kanuni zipo ila zimetawanyika. Mgeni kutoka Berlin anajua kabla hajafunga mzigo kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 lazima alipe bima ya safari ya dola 44 ndipo aingie Zanzibar. Ameisoma nyumbani kwake, kwa lugha yake. Mama wa Kojani anayempeleka mtoto Mombasa kumwona bibi yake hana pa kusoma habari ya homa ya manjano. Na habari yenyewe siyo ngumu. Kenya imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Tanzania inamtaka anayeingia kutoka nchi za orodha hiyo awe na cheti cha chanjo kuanzia umri wa mwaka 1. Chanjo hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi 9, haitolewi kabisa chini ya miezi 6, na cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Tangu Julai 2016 cheti kimoja kinatosha maisha yote. Maana yake, mtoto wa miezi 10 hadaiwi cheti, na wa miezi 14 anadaiwa, tena mama yake aliyepokea simu ya msiba leo hawezi kuzipata hizo siku 10. Afanyeje? Jibu lolote mtakalolitoa, liandikwe. Likikaa kwenye kichwa cha afisa linageuka kuwa bei.

Malaria nayo isisahauliwe. Kwa zaidi ya muongo mmoja maambukizi Zanzibar yamekuwa chini ya asilimia 1, na hilo ni jambo la kujivunia, lakini limetuzalia watoto ambao miili yao haijawahi kukutana na ugonjwa huo. Wakilala wiki moja Tanga bila chandarua wanarudi nao. Karatasi iseme wazi: mtoto aliyetoka bara akipata homa, apimwe siku hiyohiyo, na mzazi amwambie daktari kwamba walisafiri.

Kuharisha ndiyo sehemu ngumu, kwa sababu hapo mzazi ana kila sababu ya kudanganya. Tunakijua kipindupindu hapa visiwani. Mwaka 1869 kiliingia kikaua watu wengi mjini Unguja, na Dokta James Christie, aliyekuwa tabibu hapo, akaandika kitabu kizima kuonyesha jinsi kilivyofuata njia za misafara na majahazi. Mlipuko wa 1978 ulianzia kijiji cha wavuvi. Mwaka 2009 watu wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, kuanzia miaka 2, walipewa chanjo ya kunywa ya dozi mbili, na matokeo yake yakasomwa duniani. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi inafanya kazi tangu 2000. Ujuzi hatukosi. Tunachokosa ni kanuni isiyomtisha mama.

Fikiria: mtoto ameharisha tangu alfajiri, tiketi imelipwa, miadi ya Mnazi Mmoja ni kesho. Akisema ukweli getini anahofia kurudishwa na pesa kupotea. Basi anamfunga nepi mbili na ananyamaza, na ndani ya meli watu mia kadhaa wanatumia vyoo vichache. Hofu ya maradhi ya tumbo melini si yetu peke yetu. Februari 2024 meli ya Norwegian Dawn, yenye abiria zaidi ya 2,000, ilizuiwa kutia gati Port Louis, Mauritius, kwa sababu wachache walikuwa na maradhi ya tumbo na watu waliogopa kipindupindu. Vipimo vilipotoka hakikuwepo. Hofu ilitangulia, maabara ikafuata. Kwetu naomba mpangilio uwe huu: mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS palepale bandarini, apimwe na afisa wa afya, na akiambiwa asisafiri, tiketi ya mama na ya msindikizaji isogezwe mbele bila faini, na hospitali anayokwenda ipigiwe simu. Mama akijua tiketi yake haipotei, atasema mwenyewe. Makampuni ya meli yatalalamika. Yalalamike, viti vitatu kwa wiki havifilisi mtu.

Nimalize na jaketi okozi, ingawa najua hili liko zaidi upande wa Mamlaka ya Usafiri Baharini. Tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija Pemba, ikiwa imebeba watu mara kadhaa ya uwezo wake, familia nyingi zikiwa zinarudi baada ya Idd. Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Pemba hakuna shehia isiyo na mtu wa kuisimulia misiba hiyo. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unataka meli ya abiria ya safari isiyofika saa 24 iwe na jaketi za watoto wachanga zisizopungua asilimia 2.5 ya abiria, mbali na zile za watoto wakubwa. Kwa meli ya watu 400 hizo ni jaketi 10. Mkataba huo ni wa safari za kimataifa, lakini hakuna kinachotuzuia kuuchukua kwa safari ya Mkoani na Malindi. Jaketi ya mtu mzima kwa mtoto wa kilo 8 haina kazi. Atateleza atoke kwa chini.

Na ahesabiwe. Mtoto wa mkononi halipi nauli, kwa hiyo ni rahisi jina lake lisiandikwe popote. Apewe tiketi ya shilingi sifuri yenye jina, umri na namba ya kadi ya kliniki. Hapo utapata mambo mawili kwa mkupuo: nahodha atajua ana wachanga wangapi, na afisa wa afya wa bandari atawaona ambao hawajamaliza chanjo za surua za miezi 9 na 18, awaelekeze bila kuwazuia.

Idd ijayo meli zitajaa tena, na ningependa karatasi hii iwe imechapwa kabla ya hapo. Isibandikwe Mkoani na Wete peke yake. Ipelekwe Kojani, Fundo, Makoongwe na Kisiwa Panza, kwa masheha na kwenye vituo vya afya, kwa sababu mama wa visiwa hivyo akifika kwenye geti la meli ameshalipa mashua na gari ya shamba, na jioni ile hana tena chombo cha kumrudisha kwao kuchukua kadi aliyoisahau.

Wako mtiifu,
Mzazi, Mkoani, Pemba