Korasi Kabla ya Mwigizaji

Historia ya tamthilia za kale husimuliwa mara nyingi kupitia watunzi watatu wa Athene, yaani Aeschylus, Sophocles na Euripides, kana kwamba sanaa hiyo ilizaliwa siku mtu alipoketi kuandika. Toleo hili linaanzia mahali pengine, kwenye uwanja wa kuchezea, ambako katika sherehe za Dionysus, mungu wa mvinyo, kila kabila kati ya makabila kumi ya Athene lilileta wanaume hamsini na wavulana hamsini waliocheza kwa duara huku wakiimba dithirambo, yaani wimbo wa kumtukuza mungu huyo.

Mapokeo humtaja Thespis, karibu mwaka 534 KK, kuwa wa kwanza kujitenga na korasi, yaani kundi la waimbaji, na kujibizana nayo. Mwanafalsafa Aristotle anaeleza kwamba Aeschylus aliongeza mwigizaji wa pili, na Sophocles wa tatu. Hesabu hiyo wanafunzi huikariri bila kuitafakari, ilhali ndiyo iliyobadili kila kitu, kwa kuwa mwigizaji mmoja aliweza kupasha habari na kujibu maswali ya korasi tu, lakini wawili waliweza kugombana mbele ya hadhira.

Misri ilikuwa na maigizo ya ibada karne nyingi kabla ya hapo. Jiwe la Ikhernofret, ofisa wa Farao Senusret III, linaeleza maandamano ya mji wa Abydos ambamo maadui wa mungu Osiris waliangushwa. Hata hivyo, Athene ilidai tamthilia mpya kila mwaka, ikazishindanisha na kuzipigia kura, na hapo ndipo ibada ilipogeuka pia kuwa mjadala wa raia.

Gharama za korasi zilibebwa na raia tajiri aliyeitwa khoregos, na Pericles, kiongozi wa baadaye wa Athene, angali kijana, alibeba jukumu hilo mwaka 472 KK kwa ajili ya *Waajemi* ya Aeschylus, tamthilia ya Kigiriki iliyo kongwe kuliko zote zilizohifadhika kamili. Mwanahistoria Herodotus naye anasimulia kwamba mtunzi Phrynichus alipoigiza kutekwa kwa Miletus, mji wa ndugu wa Waathene ulioangushwa na Waajemi mwaka 494 KK, ukumbi mzima uliangua kilio, mtunzi akatozwa faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha watu msiba wao, na tamthilia yake ikapigwa marufuku. Dola haitozi faini kwa jambo inaloliona kuwa burudani tu.

Muziki wa korasi hizo karibu wote umepotea, na ndiyo maana wasomaji wa leo huziruka beti zake ili kuwahi mazungumzo. Walimu na wanafunzi wa tamthilia wanaombwa wasifanye hivyo: wazisome beti hizo kwa sauti, na ikiwezekana kwa kundi.