Huduma za wingu za bure na ankara za dola: Funzo kwa wabunifu wa Afrika Mashariki

Kijana anayetengeneza programu jijini Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hahitaji tena kununua seva. Hufungua akaunti katika kampuni ya kigeni, huingiza namba ya kadi ya benki, na baada ya muda mfupi tovuti yake huwa hewani bila yeye kulipa hata senti moja. Urahisi huo umewafungulia mlango wabunifu wengi wa ukanda huu wasio na mtaji. Hata hivyo, neno "bure" katika biashara hii lina maana finyu kuliko wengi wanavyodhani, na asiyeielewa mapema huja kuielewa kwa ankara ya dola.

Kisa kilichozungumzwa sana ni cha Februari 2024. Mteja wa kampuni ya Marekani ya Netlify, aliyekuwa akitumia mpango wa bure, alijulishwa kuwa anadaiwa dola 104,500. Tovuti yake ndogo ilikuwa imeelemewa na wimbi la maombi ya kupakua faili moja la muziki, na ndani ya siku chache takriban terabaiti 190 za data zikawa zimetoka. Mpango wake uliruhusu gigabaiti 100 kwa mwezi, na kila gigabaiti 100 za ziada zilitozwa dola 55. Kampuni ilijitolea kwanza kupunguza deni hadi asilimia 20, kisha asilimia 5. Baada ya mjadala mkali mtandaoni, mkurugenzi wake mkuu alitangaza kuwa deni lote limefutwa.

Kwa kiwango cha ubadilishaji cha katikati ya mwaka huo, fedha hizo zingezidi shilingi milioni 13 za Kenya. Jambo la kuzingatia ni kuwa mteja huyo aliokolewa na hisani ya kampuni na kelele za umma. Masharti aliyokuwa ameyakubali hayakuwa na kinga yoyote kwake.

Mita isiyokata

Wakenya wanaonunua tokeni za umeme na Watanzania wanaotumia LUKU wanajua kuwa uniti zikiisha, taa huzimika. Giza hilo huudhi, lakini hulinda mfuko. Sehemu kubwa ya huduma za wingu hufuata mita ya zamani: matumizi huendelea, na hesabu huletwa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayejiunga na mpango wa bure si kiasi anachopewa, bali kitakachotokea kiasi hicho kikiisha. Je, huduma itasimama, au kadi itaanza kukatwa?

Majibu hutofautiana. Google Cloud humpa mteja mpya dola 300 za kutumia kwa siku 90, na haimkati chochote hadi yeye mwenyewe aamue kuhamia akaunti ya kulipia. Microsoft Azure hutoa dola 200 kwa siku 30, zikiwa na ukomo wa matumizi, lakini ukomo huo hutoweka mara mteja anapohamia mpango wa kulipa kadiri anavyotumia. Kwa upande wa Amazon Web Services, waliojiunga kabla ya tarehe 15 Julai 2025 walipewa viwango vya bure kwa miezi 12, na kilichozidi kikakatwa moja kwa moja. Tangu tarehe hiyo, mteja mpya anaweza kuchagua mpango wa bure wenye salio la hadi dola 200 kwa muda usiozidi miezi sita. Mpango huo ukiisha, akaunti hufungwa isipokuwa mteja ahamie ule wa kulipia.

Mabadiliko hayo ni hatua nzuri, lakini hayawagusi waliokwisha kuhamia akaunti za kulipia, na huko ndiko makosa madogo yanakogharimu zaidi.

Fedha huvuja wapi?

Mfano wa kwanza ni wa hesabu rahisi. Chini ya utaratibu wa zamani wa Amazon, mteja alipewa saa 750 za seva ndogo kwa mwezi. Mwezi wa siku 31 una saa 744, hivyo seva moja ilitosha kukesha mwezi mzima bila malipo. Aliyewasha mbili alimaliza mgawo wake katikati ya mwezi, kwa kuwa saa huhesabiwa kwa pamoja.

Mfano wa pili ni mabaki. Kuizima seva hakufuti diski iliyounganishwa nayo, na diski huendelea kutozwa. Vivyo hivyo, tangu tarehe 1 Februari 2024 Amazon hutoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IP ya umma ya mfumo wa zamani wa IPv4, iwe inatumika au imeachwa tu. Kiasi hicho ni takriban dola 3.7 kwa mwezi kwa anwani moja. Ni kidogo, lakini hujirudia kila mwezi hadi mwenyewe agundue.

Mfano wa tatu unawahusu zaidi wakazi wa Afrika Mashariki. Busara ya kawaida humwelekeza mtu kuchagua kituo cha data kilicho karibu naye, na Google ilifungua chake cha Johannesburg mwaka 2024. Lakini seva ndogo ambayo kampuni hiyo huitoa bure daima hupatikana katika maeneo matatu tu, yote nchini Marekani: Oregon, Iowa na South Carolina. Anayechagua Johannesburg ili tovuti yake ifunguke haraka anachagua pia kulipa.

Kengele si breki

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuweka bajeti katika akaunti. Ushauri huo ni sahihi, ila hueleweka vibaya. Katika Google Cloud, bajeti ni kengele: humtumia mteja barua pepe kiwango kinapofikiwa, lakini haizimi chochote. Kwa Amazon, taarifa za bajeti husasishwa mara chache tu kwa siku, hivyo tahadhari inaweza kufika saa kadhaa baada ya matumizi kupanda. Anayetaka huduma izimike yenyewe hana budi kuandaa utaratibu wa ziada wa kuizima.

Kadi ya mtandaoni yenye salio dogo, mfano wa ile iliyoanzishwa mwaka 2022 na M-Pesa ya Kenya kwa ushirikiano na Visa, nayo ina mipaka yake. Huzuia fedha kukatwa ghafla, lakini haifuti deni. Malipo yakikataliwa, akaunti husimamishwa, data zinaweza kufutwa, na deni hubaki palepale.

Kinga yenye nguvu ni kuchagua mpango unaosimama mgawo ukiisha na kutoupandisha kabla ya ulazima. Aliyekwisha kupanda aweke bajeti ya dola moja tangu siku ya kwanza na asome ankara kila wiki. Akague pia kila eneo la kituo cha data, kwa sababu seva iliyosahaulika Cape Town haionekani kwa anayetazama orodha ya Ireland. Anapomaliza jaribio, afute kila kitu badala ya kuzima tu. Na funguo za siri za akaunti zisiwekwe kamwe katika msimbo unaochapishwa hadharani, kwani wezi huzitafuta ili wachimbe sarafu za kidijitali kwa gharama ya mwenye akaunti.

Mzigo wa nani?

Hata hivyo, si haki mzigo wote kubaki mabegani mwa mtumiaji. Ankara za dola humtwika pia hatari ya sarafu. Mwanzoni mwa 2024 dola moja iliuzwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya, na miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Matumizi yaleyale yalikuwa na bei mbili tofauti ndani ya nusu mwaka. Na mikataba ya huduma hizi mara nyingi huongozwa na sheria za nchi za nje, hivyo mteja wa kawaida hana pa kulalamikia karibu na nyumbani.

Umoja wa Ulaya umeonesha kuwa masharti ya kampuni hizi yanaweza kubadilishwa. Sheria yake ya Data, iliyoanza kutumika tarehe 12 Septemba 2025, inataka ada za kumhamisha mteja kutoka kampuni moja ya wingu kwenda nyingine ziondolewe kabisa kufikia Januari 2027. Serikali za Afrika Mashariki, ambazo tayari zimetunga kodi kwa kampuni za kidijitali za kigeni, zina uwezo wa kudai jambo jepesi zaidi: kila mpango unaoitwa wa bure uwe na swichi ya kuzima, na iwe imewashwa tangu mwanzo. Hadi hapo, anayeingiza namba ya kadi yake kwa ajili ya kitu cha bure hana budi kukumbuka kuwa ameacha mlango wa mfuko wake wazi.