Kabla ya ISEA, misimu miwili katika kooperative



Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, furaha inajaa vijijini. Mtoto anapakwa unga kichwani, watu wanaimba barabarani, mbuzi ao kuku inachinjwa. Kisha juma moja baadaye mzazi anakuja kwa agronomu na swali moja: "Sasa huyu mtoto aende kusoma wapi, na pesa itatoka wapi?"

Jibu langu ni hili. Kijana mwenye diplome ya kilimo, ao mwenye diplome ya sekisho ingine lakini anataka kusomea kilimo, afanye kwanza mwaka moja ndani ya kooperative, msimu A na msimu B, mbele ya kuingia ISEA. Na kooperative imupokee, imufuate kazi yake, kisha imusaidie kwa minervali. Najua kuna wazazi hawatapenda hilo. Naomba munisome mpaka mwisho, kisha tubishane kwenye mkutano mkuu.

Ngazi ya masomo iko namna gani

Tuanze na ngazi yenyewe, juu wengi wanachanganyikiwa. Mtoto akimaliza darasa la 6, anaendelea na la 7 na la 8. Pale njo anachagua sekisho. Akiingia ITA, shule ya ufundi ya kilimo, anafanya miaka 4: kilimo, mifugo, misitu ao lishe, kufuatana na shule. Mwisho wake ni Exetat, ule mtihani wa taifa tunaoujua tangu 1967. Akipata asilimia 50 na kuendelea, yeye ni A2.

A2 ana mlango wazi wa kwenda juu. Iko ISEAV Mushweshwe kule Kivu ya Kusini, ISEA Bengamisa kule Tshopo, ISEA Mondongo kule Mongala, iko pia IFA Yangambi, na fakilte za kilimo za vyuo vikuu. Zamani alifanya miaka 3 ya gradua akaitwa A1, kisha miaka 2 ingine akawa enjenia, A0. Tangu mageuzi ya LMD yaenezwe mwaka wa masomo 2021-2022, miaka 3 ya kwanza inaleta lisansi, na 2 inayofuata inaleta masta. Kwa hiyo mzazi anayeuliza "A1 iko wapi?" ajue kwamba sasa diplome ya kwanza ya chuo ni hiyo lisansi ya miaka 3.

Na yule aliyeachia njiani? Naye ana njia. Anaweza kujifunza kazi kwenye santre ya ufundi, ao kwa INPP, ile ya Serikali iliyoundwa 1964. Anaweza tena kurudi kwenye Exetat kama otodidakte, akipita kwanza mtihani wa mwanzo uliowekwa kwa watu kama yeye. Mlango haujafungwa, lakini hakuna mtu vijijini anayewaambia vijana hayo.

Kwenye karatasi, basi, ngazi ni nzuri. Shida iko kwa wale wanaoipanda, na kwa kile wanachobeba wakifika juu.

Jembe limefanywa azabu

Muangalie shule zetu. Mwanafunzi amechelewa, anapewa jembe akalime kiwanja. Amepiga kelele darasani, anapewa jembe. Wenye kuwa na pointi nzuri wanabaki ndani na kitabu, wale wengine wanatumwa kwenye salongo. Miaka inapita hivyo, kisha mtoto akifika darasa la 8 tunamuuliza kama anataka kilimo. Atataka namna gani? Amefundishwa kwamba jembe ni la mwenye makosa.

Njo maana wazazi wengi wanapeleka mtoto mwenye akili kwenye pedagojia ao komersiali, na ITA wanaiachia yule waliyemkatia tamaa. Kwa msichana ni vibaya zaidi. Wanasema kilimo ni kazi ngumu kwa mwanamke, na wanasema hayo wakiwa wamekula muhogo uliolimwa, uliopaliliwa na uliobebwa mgongoni na mama yake.

Hotuba zote za viongozi wetu zinarudilia hesabu moja: Kongo ina hektari milioni 80 za udongo unaofaa kulimwa. Ni kweli. Lakini hektari hazijipimi zenyewe, wala mbegu haijichagui. Inahitajika mtu.

Wanaofika juu bila kumaliza msimu hata moja

Chuo kinapokea mwenye diplome ya Serikali, hata ya sekisho ingine. Sisemi mlango huo ufungwe. Kuna vijana waliotoka pedagojia ao biyokemi wakawa maagronomu wazuri kabisa, nimesoma pamoja nao. Lakini matokeo yake ni haya: kijana anaweza kuingia ISEA, kumaliza miaka 3, kujua majina ya magonjwa kwa kilatini, na hajawahi kufuata mimea moja tangu kupanda mpaka kuuza.

Wakati uleule yule A2 wa ITA, mwenye mikono tayari, anabaki nyumbani juu minervali imekosa. Mwaka wa kwanza anangoja. Mwaka wa pili anaendesha pikipiki ya mtu. Mwaka wa tatu yuko kwenye machimbo. Tumemupoteza, na hakuna aliyefanya uamuzi wa kumupoteza.

Mutaniambia: si kuna staji? Ndiyo, tuizungumuze hiyo staji. Mwanafunzi anakuja na barua ya chuo. Anakaa juma tatu ao ine, mara nyingi wakati ambapo hakuna kitu shambani, juu kalenda ya chuo na kalenda ya mvua havifuatani. Siku ya mwisho anatoa karatasi, prezida anaandika 80 juu ya 100 na kupiga kashe. Tunafanya hivyo kwa huruma. Lakini kwa ile kashe tunashuhudia kwamba kijana anajua kazi ambayo hakuna mtu kati yetu aliyemuona akiifanya. Kesho yeye njo atatumwa kutufundisha.

Misimu miwili inafundisha nini

Kwetu hapa mashariki, msimu A unaanza mwezi wa 9 na kuishia karibu mwezi wa 1, msimu B unafuata tangu mwezi wa 2 mpaka wa 6. Kwa kawaida matokeo ya Exetat yanatoka mbele ya msimu A kuanza. Mwaka moja wa chuo ukiahirishwa, kijana anapata misimu miwili mizima. Atafanya nini?

Katika mahindi, atapanda kwa kamba, sentimetre 75 kati ya mistari na 50 kati ya mashimo, mbegu 2 kwa shimo. Atahesabu yeye mwenyewe ni mashimo mangapi yako ndani ya are moja, na mbegu kilo ngapi tununue kwa wanamemba wote. Atapita asubuhi kutafuta kiwavi jeshi, yule mdudu aliyeonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016, na atajifunza kumkamata angali mdogo, mbele hajaingia ndani ya moyo wa mmea.

Katika ndizi, atajifunza kutambua mnyauko wa bakteria: majani yanakuwa manjano, tunda linaiva kabla ya wakati, ukilikata ndani ni kama kutu. Atakata shina lenye ugonjwa karibu na udongo, atapitisha panga kwenye moto mbele ya kugusa shina lingine, na kitumba cha dume atakivunja kwa kijiti chenye panda, hapana kwa panga.

Katika muhogo, atachagua miti isiyo na mozaiki na kutunza shamba la mbegu la kooperative. Katika kahawa, atasimama mbele ya mizani siku ya mavuno na kukataa matunda mabichi hata yakiletwa na mjomba wake. Atafuata kukausha parchi mpaka unyevu ushuke karibu asilimia 11 ao 12, juu ikiingia depo ingali na maji itaoza na jina la kooperative litaoza nayo.

Na mwisho wa msimu atasimama mbele ya mkutano kusoma hesabu: tulitumia hivi, tulivuna hivi, faida ao hasara ni hii. Kijana aliyepita pale, profesa akimufundisha mambo ya mboleo, ataelewa haraka, na atamuuliza profesa maswali ambayo yatafaa darasa lote.

Yale mutakayonipinga

Mzazi atasema: mtoto anapoteza mwaka. Ninamuuliza: wale wanaoingia chuo bila pesa kamili, kisha wanafukuzwa katikati ya mitihani, wanapoteza miaka mingapi? Mwaka wa shamba ni mwaka wa kutafuta minervali pia. Kijana apewe kipande chake, are chache, mavuno yake yawe mwanzo wa pesa ya chuo.

Mwingine atasema: kooperative itageuza watoto wetu kuwa wafanyakazi wa bure. Hatari hiyo ni ya kweli, na nimeiona mahali. Kijana alilala kwenye magunia ya depo, akabeba mizigo mwaka mzima, hakufundishwa kitu. Njo maana lazima pawe na karatasi mbele ya kuanza: kazi gani, siku ngapi kwa juma, nani anamufundisha, anakula wapi, analala wapi, anapata motisha gani. Kwa msichana, mahali pa kulala pakubaliwe na wazazi wake, na anayemufuata awe mama wa komite. Ikiwa kooperative haiwezi kutimiza hayo, isipokee mtu.

Wa tatu atasema: tukimusomesha, atatukimbia na kwenda mjini kwa mashirika. Wengine watakimbia, ndiyo. Ndiyo sababu sipendi tutoe zawadi. Tutoe mkopo. Kooperative ilipe sehemu ya minervali, kijana na mzazi watie sahihi, na deni lirudishwe kwa kazi: kila likizo kubwa anarudi kufuata mashamba, na akimaliza anatumikia kooperative muda uliokubaliwa. Akipata kazi kwingine, alipe pesa. Hakuna haya katika hilo.

Na pesa? Sheria ya OHADA juu ya kooperative, iliyopitishwa Lomé mwezi wa 12 mwaka 2010 na inayotuhusu tangu Kongo ilipoingia OHADA mwaka 2012, inaomba tuweke akiba ya mafunzo kutoka kwa faida. Katika kooperative nyingi akiba hiyo inaishia kwenye fanta na usafiri wa siku ya semina. Kijana mwenye miaka 18 aandikwe kuwa mwanamemba, kisha mkutano mkuu uamue ikiwa sehemu ya akiba hiyo imuhusu. Pale faida ni ndogo, kooperative tatu ao ine za sekta moja zishirikiane kusomesha mtu moja.

Sisemi kila kijana afike ISEA. Kooperative ndogo haihitaji enjenia kila siku. Inahitaji A2 wawili ao watatu wanaojua mashamba yake, na mtu moja wa lisansi anayegawanywa na kooperative jirani. Yule wa santre ya ufundi anayejua kutengeneza mashine ya kusaga ana nafasi yake vilevile.

Tuamue kabla ya msimu A

Shirika hili linalochapa gazeti letu lina wakati wake, kama mashirika yote. Projet inafunguliwa, projet inafungwa, agronomu aliyeletwa na projet anapanda gari anarudi alikotoka. Mimi mwenyewe ni moja wa hao, na siku mkataba wangu utaisha nitaenda. Mutabaki na nani?

Kwa hiyo naomba mambo matatu yaingie katika ajenda ya mkutano wenu kabla ya mwezi wa 9. La kwanza, tusipige tena kashe kwenye staji ambayo hatukuiona, na pointi ziwekwe pamoja na yule mkulima aliyekaa na mwanafunzi shambani. La pili, kila kooperative ihesabu vijana wake wenye diplome walioko nyumbani, iwaite, iwaulize wanataka nini. La tatu, ichague moja ao wawili, wasichana wakihesabiwa, iandike nao mkataba wa misimu miwili.

Na walimu wa shule zetu, nawaomba kitu kidogo: mtafute azabu ingine. Jembe muachie wale wanaofanya vizuri.